Kutoka Barabarani Hadi Uwanja wa Nyasi: Namna ya Kuanza Mbio za Pikipiki kwa Gharama Nafuu



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika juu ya mambo yaliyokatazwa: mwendo wa kasi, ubebaji wa abiria kupita kiasi, uendeshaji wa pikipiki bila leseni. Leo tumeona vema tuandike juu ya jambo linaloruhusiwa, kwa kuwa tuliulizwa swali ambalo siku ile hatukuwa na jibu lake.

Swali lenyewe liliulizwa katika mkutano wetu na waendesha bodaboda, siku chache baada ya mazishi ya kijana mmoja wa steji yao. Kijana huyo alifariki usiku katika mashindano ya siri, kwenye kipande kipya cha lami nje ya mji. Hakugongwa na mshindani wake. Aligonga baiskeli ya mzee aliyekuwa akirudi nyumbani na matunguli yake ya maziwa, bila taa, upande wake wa barabara. Mzee alinusurika akiwa na mguu uliovunjika. Pikipiki aliyoipanda marehemu haikuwa mali yake. Alikuwa bado akiilipia kila juma, na deni likabaki kwa mama yake.

Tulipomaliza kuwaonya vijana, mmoja wao alisimama, akavua kofia yake kwa heshima, akasema: “Afande, mnatukataza barabarani, nasi tumesikia. Lakini mpira una uwanja, ngumi zina ulingo. Sisi tunaopenda pikipiki mnatupeleka wapi?” Wenzake hawakucheka. Nasi hatukuona haya kukiri kwamba swali lake lilikuwa la haki. Tumekwisha kuwafukuza vijana usiku kwa gari la doria, na tunajua matokeo yake: mbio huhamia barabara nyingine, na kijana anayekimbia polisi huendesha vibaya kuliko anayekimbizana na mwenzake.

Makala haya ndiyo jibu letu.

Mbio za nyasi ni mchezo gani?

Mbio za nyasi ni mashindano ya pikipiki yanayofanyika katika shamba au malisho yaliyo tambarare. Njia huwa ya mviringo mrefu kama yai, yenye nyuzi mbili zilizonyooka na kona mbili. Waendeshaji huanza wakiwa wamesimama, mstari mmoja, huzunguka kinyume cha saa, yaani kona zote hupindia kushoto, na kwa kawaida mbio moja huwa ya mizunguko minne. Huchukua dakika chache tu. Kisha kundi jingine huingia, alama hujumlishwa, na wenye alama nyingi hukutana katika fainali.

Mchezo huu ni wa zamani. Nchini Uingereza ulianza katika miaka ya 1920, pale watu wa kawaida walipokuwa wakienda kazini kwa pikipiki siku za juma na kuzishindanisha mashambani siku za mapumziko. Uwanja mashuhuri wa Brands Hatch, katika jimbo la Kent, ulianza kama shamba la nyasi ambamo wapenda pikipiki walikimbizana. Lami iliwekwa hapo mwaka 1950 tu. Kwa hiyo asidanganyike mtu kwamba mchezo wa pikipiki huanza kwa mamilioni ya fedha na uwanja wa zege. Ulianza kwenye malisho ya ng’ombe.

Mfano mwingine ni wa John Surtees, Mwingereza ambaye hadi leo ndiye mtu pekee aliyetwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki na pia ubingwa wa dunia wa magari ya Formula 1, huu wa pili mwaka 1964. Baba yake alikuwa mshindani wa mbio za nyasi, akiendesha pikipiki yenye kigari cha pembeni. Surtees alipokuwa na miaka 14 alikaa katika kigari hicho, wakashinda. Waamuzi walipogundua umri wake, wakawafutia ushindi. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 15, aliingia mashindano yake ya kwanza mwenyewe, nayo yalikuwa ya nyasi. Tunawaomba wazazi na vijana wayazingatie mambo mawili katika habari hiyo: bingwa wa dunia alianzia nyasini, na hata bingwa mtarajiwa hakuachiwa kuvunja kanuni ya umri.

Hapa kwetu Uganda, ndugu wa karibu wa mchezo huu ni motokrosi, yaani mbio za njia ya udongo yenye vilima na miruko. Viwanja vya Busiika, wilayani Luweero, na Garuga, upande wa Entebbe, vinajulikana na wapenzi wa mchezo. Msimamizi wa michezo hiyo nchini ni Shirikisho la Vilabu vya Michezo ya Magari na Pikipiki, lijulikanalo kwa kifupi FMU. Motokrosi ina madaraja hata ya watoto, kuanzia pikipiki ndogo za cc 50. Lakini pikipiki zake hutengenezwa maalumu kwa kazi hiyo na bei zake ni kubwa. Mbio za nyasi hazihitaji miruko, na kwa hiyo hazihitaji shoki za gharama wala injini kubwa. Ndiyo maana tunaona zinamfaa kijana mwenye kipato kidogo.

Kwa nini nyasi na si lami?

Wapo watakaouliza: je, polisi wanatufundisha kuhatarisha maisha? Hatusemi kwamba mbio za nyasi hazina hatari. Mtu huanguka, na anaweza kuumia vibaya. Tunachosema ni kwamba hatari yake hupimika na hupungua kwa mpango, ilhali ile ya barabarani haina mpango wowote.

Tuanze na kasi. Mtu anayekwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kwa kila sekunde moja. Kabla hajaigusa breki, sekunde moja ya kushtuka imekwisha, na mita 22 zimekwenda. Tena, kasi ikizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushikwa hauongezeki mara mbili, bali takriban mara nne, na ukali wa mgongano vilevile mara nne. Katika njia fupi ya nyasi, yenye kona kila baada ya mita chache, pikipiki ya cc 100 haipati nafasi ya kufikia kasi ya barabara kuu. Mchezo huwa katika kona na katika ustadi, si katika urefu wa lami.

Pili, uwanjani wote huelekea upande mmoja. Hakuna lori linalokuja mbele, hakuna mbuzi anayekatiza, hakuna mzee wa baiskeli. Tatu, anayeanguka huangukia nyasi na udongo, si ukingo wa zege. Nne, mwenye bendera amemwona, na gari la wagonjwa limesimama karibu. Yule kijana tuliyemzika alilala barabarani muda mrefu, kwa sababu wenzake walikimbia wakihofia kukamatwa.

Watu husema ajali haina kinga. Sisi tunaofika mahali pa ajali tumeziona kinga nyingi zilizoachwa nyumbani.

Fedha ianzie kichwani

Kijana anapopata fedha kidogo, jambo la kwanza analolifikiria ni injini. Tunamshauri ageuze mpangilio huo. Fedha ya kwanza iende kwenye helmeti, ya pili kwenye viatu na glavu, ya tatu kwenye vikinga vya magoti, viwiko na mgongo. Inayobaki ndiyo ya pikipiki.

Helmeti iwe ya kufunika uso wote pamoja na kidevu. Ile ya nusu kichwa, au ile inayoshikwa na uzi, ni pambo tu. Tazama mkanda wake wa kidevuni: helmeti iliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya huwa na kitambaa kilichoshonwa chenye herufi E pamoja na nambari ndani ya duara. Ivae, ifunge, kisha uitikise kwa mikono miwili. Ngozi ya uso isogee pamoja nayo. Ikizunguka peke yake, ni kubwa mno. Na helmeti iliyokwisha kupata kishindo kimoja kikubwa haifai tena, hata kama rangi yake bado inang’aa, kwa kuwa povu la ndani limekwisha kubonyea. Ndiyo sababu hatushauri kununua helmeti iliyotumika usiyoijua historia yake. Vitu vingine vyaweza kununuliwa mitumba; helmeti, la.

Viatu viwe virefu, vya ngozi ngumu, vinavyofunika kifundo cha mguu. Buti imara za kazi zinaweza kumfaa anayeanza mazoezi. Ndala na viatu vya raba visikanyage uwanja. Katika mashindano makubwa ya nyasi waendeshaji huvaa sahani ya chuma chini ya kiatu cha kushoto, kwa sababu mguu huo ndio unaoburuzwa kwenye kona. Anayejifunza haihitaji mpaka atakapofundishwa namna ya kuitumia.

Miwani ya kuzuia vumbi, suruali nzito na shati la mikono mirefu humalizia orodha hiyo. Kundi la vijana sita wanaweza kununua vikinga seti mbili na kupokezana, maadamu hawaingii uwanjani wote kwa pamoja. Helmeti pekee ndiyo tunayoomba kila mtu awe na yake.

Pikipiki: isiwe ile inayolisha nyumba

Hapa tunasema kwa mkazo. Usishindane na pikipiki unayoitegemea kwa riziki, na usishindane kamwe na pikipiki ya mkopo au ya mwenye mali bila idhini yake ya maandishi. Siku moja ya mchezo ikiivunja, familia itakula nini Jumatatu?

Njia nafuu ni vijana watatu au wanne kuchanga na kununua pikipiki moja kuukuu ya cc 100 au 125, ile aina inayojaa katika kila steji, kama vile Bajaj Boxer au TVS. Vipuri vyake hupatikana kila mji, na kila fundi anaijua. Mmoja hukimbia katika kundi la kwanza, mwingine katika la pili. Pikipiki zote zikiwa za ujazo mmoja na za namna moja, mashindano huwa ya haki, na hakuna anayeshinda kwa sababu ya mfuko wa baba yake.

Kabla ya kutoa fedha, tunaomba mfanye yafuatayo. Linganisheni nambari ya injini na ya fremu na zile zilizomo katika logbuku. Nambari iliyokwaruzwa au kupigwa upya ni dalili ya wizi. Andikeni mkataba mbele ya mwenyekiti wa LC 1, mkiweka nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, njoni kituoni mtuulize kabla ya kununua. Kuuliza hakuna malipo. Tumewaona vijana wema wakilala mahabusu kwa pikipiki waliyoinunua kwa nia njema.

Pikipiki ikishapatikana, matayarisho yake si makubwa:

1. Ondoeni vioo, taa, viashiria, kibebeo cha mizigo, stendi, vikanyagio vya abiria na chuma chochote kilichochomoza. Vitu hivyo ndivyo vinavyochoma na kukata mtu anapoanguka.

2. Ncha za usukani na za mikono ya breki na klachi ziwe na vifundo au zifungwe raba. Bomba tupu hutoboa mwili.

3. Fungeni swichi ya kuzimia injini yenye kamba inayoshikizwa kwenye mkono wa mwendeshaji. Akianguka, kamba hukatika kwenye swichi na injini huzimika. Katika mbio za nyasi jambo hili ni sharti, na kifaa chenyewe ni rahisi kwa fundi yeyote wa umeme wa pikipiki.

4. Mnyororo uwe na kikinga, hasa pale unapoingia kwenye sproketi, maana hapo ndipo vidole na nguo hunaswa.

5. Tairi ziwe za meno makubwa ya kushika udongo, na upepo upunguzwe kidogo kuliko wa lami.

6. Sproketi ya nyuma ikiongezwa meno machache, pikipiki hupata nguvu ya kuondoka na hupoteza kasi ya mwisho. Uwanjani hiyo ni faida, na kwa usalama pia ni faida.

7. Kaguaeni njiti za magurudumu, beringi, breki na uvujaji wa mafuta kabla ya kila siku ya mchezo. Mafuta yanayovuja mbele ya tairi la mwenzako ni mtego.

Silensa ibaki mahali pake. Kuiondoa hakuongezi nguvu ya maana kwa injini ndogo, bali huwakosanisha na kijiji, na kijiji kikikasirika, uwanja mmeupoteza.

Jambo la mwisho katika sehemu hii: pikipiki iliyovuliwa taa na vioo si ya barabarani tena. Ichukuliwe kwa pikapu mpaka uwanjani na irudishwe hivyohivyo. Tukiikuta ikiendeshwa lamini, tutaishika, hata kama mwendeshaji ametoka kushinda kombe. Na wakumbuke wote kwamba barabarani Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inadai leseni ya daraja A, nayo haitolewi kwa aliye chini ya miaka 18. Ustadi wa uwanjani si leseni.

Uwanja na ruhusa zake

Njia ya kwanza na iliyo bora kwa anayeanza ni kujiunga na klabu iliyokwisha kuwapo chini ya FMU. Nenda siku ya mashindano kama mtazamaji, kisha jitolee kusaidia: kushika kamba, kubeba maji, kusimama na bendera. Kwa siku mbili tatu utakuwa umejifunza kanuni bila kutoa fedha, na utakuwa umejulikana na watu watakaokufundisha.

Mahali ambapo hakuna klabu, vijana waanze na mazoezi, si mashindano. Kwanza, watafute shamba tambarare na waongee na mwenyewe. Ruhusa iandikwe, ionyeshe siku na saa, na nani atalipa uzio au mazao yakiharibika. Pili, mwenyekiti wa LC 1 ajulishwe, maana yeye ndiye atakayeulizwa na majirani. Tatu, waje kwa afisa wetu wa uhusiano na jamii pamoja na Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Hatuji kuzuia, twataka kujua idadi ya watu, njia ya gari la wagonjwa na maegesho. Nne, kabla ya kuitangaza siku ya mashindano yenye watazamaji, wawasiliane na FMU ili wapate mwongozo wa kanuni, waamuzi na bima. Bima ya kawaida ya pikipiki huandikwa kwa ajili ya barabara. Msidhani kwamba itamlipa aliyeumia mashindanoni.

Shamba lenyewe likaguliwe kwa miguu, watu wakiwa wamejipanga mstari mmoja. Wafukie mashimo, waondoe mawe, visiki, waya na chupa. Pasiwe na mti, kichuguu wala nguzo karibu na upande wa nje wa kona, kwa sababu huko ndiko pikipiki inayoponyoka huelekea. Njia iwe pana, na katika mazoezi ya mwanzo wasiingie zaidi ya waendeshaji wanne au watano kwa mara moja.

Watazamaji ndio tunaowahofia kuliko waendeshaji. Mwendeshaji amevaa helmeti. Mtoto aliyekuja kutazama hana chochote. Zivutwe kamba mbili kuuzunguka uwanja, na kati yake pabaki uwanda mtupu usiokanyagwa na mtu. Upande wa nje wa kona wasisimame watazamaji hata mmoja. Katikati ya uwanja wabaki wasimamizi peke yao. Mtu akivuka kamba, mbio zisimame. Tumeona katika michezo mingine jinsi umati unavyosogea hatua kwa hatua, kila mtu akimfuata wa mbele, mpaka njia ikaisha.

Bendera na adabu

Bendera ni lugha ya uwanja, na lazima kila mmoja aijue kabla ya kuwasha injini. Ya njano humaanisha kuna hatari mbele: punguza, usimpite mtu. Nyekundu humaanisha mbio zimesimamishwa: punguza mara moja na urudi mahali pa kuanzia kwa utaratibu. Nyeusi, ikionyeshwa pamoja na nambari yako, humaanisha umetolewa. Ya mraba mweusi na mweupe ni ya mwisho wa mbio. Anayepuuza bendera nyekundu asipewe onyo la pili, maana mwenzake amelala mbele yake njiani.

Kuhusu uendeshaji wenyewe, anayeanza azingatie machache. Atazame mbali kule anakokwenda, si tairi lake. Kasi ipunguzwe kabla ya kona, si ndani yake. Ndani ya kona mkono wa mafuta uwe mtulivu, kwa kuwa kufungua kwa ghafla huipeleka nyuma pembeni na kufunga kwa ghafla humrusha mtu. Mguu wa kushoto unyooshwe mbele, karibu na ardhi, tayari kusaidia mizani. Aanze kwa kuzunguka peke yake mara nyingi, kisha wawili, kisha wanne.

Pombe na dawa za kulevya haziingii uwanjani, si kwa waendeshaji, si kwa wasimamizi. Kamari vilevile. Tumechunguza mbio za usiku za kutosha kujua kwamba penye dau hakuna anayekubali kusimama kwa bendera nyekundu.

Siku mtu atakapoanguka

Tunasema “atakapoanguka”, hatusemi “akianguka”. Kwa sababu hiyo, bila gari la kubebea mgonjwa na mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza, hakuna mbio. Dereva wa gari hilo ajue njia ya hospitali, na gari lisizibwe na magari ya watazamaji. Likiondoka na mgonjwa, mbio zisubiri mpaka lirudi.

Mtu aliyelala bila fahamu asinyanyuliwe kwa mikono na miguu, wala asivuliwe helmeti na asiyefunzwa, kwa kuwa shingo yaweza kuwa imeumia. Mbio zisimamishwe, mtu mmoja akishike kichwa chake kisitikisike, pumzi yake iangaliwe, damu inayotoka izuiwe kwa kitambaa safi na mkono unaokandamiza. Aliyezimia hata kwa sekunde chache, au anayelalamika kichwa na kizunguzungu, mchezo wake wa siku hiyo umekwisha. Apelekwe kwa daktari, hata akiapa kwamba yu mzima. Nambari za dharura za polisi ni 999 na 112.

Pawe pia na kizimamoto na ndoo za mchanga mahali pa kujazia mafuta. Mafuta yajazwe injini ikiwa imezimwa na imepoa, na mwenye sigara akae mbali.

Neno letu kwa wazazi na kwa vijana

Wazazi wengi wakisikia neno “mbio” hukataa papo hapo, nasi hatuwalaumu. Lakini mzazi ajiulize kwanza kama mwanawe hakimbii tayari, usiku, asikokuona. Ikiwa anakimbia, ni afadhali umfuate mchana, usimame nje ya kamba, umwone amevaa nini na anaandamana na nani. Aliye chini ya umri asiingie bila idhini ya mzazi na bila kanuni za daraja lake.

Nanyi vijana, tunawaahidi jambo moja na kuwaomba jingine. Tunawaahidi kwamba kundi litakalokuja na barua ya mwenye shamba, jina la mwenyekiti wao na mpango wa gari la wagonjwa, halitarudishwa mlangoni; afisa wetu atakwenda nalo shambani, akague pamoja nalo. Tunawaomba barabara muiache. Haiwezekani mtu kushindana nyasini Jumamosi na kurudi lamini Jumapili, akategemea kwamba tutaendelea kuketi naye meza moja.

Yule aliyetuuliza swali amekwisha kuja. Alifika na wenzake watatu, wakiwa na helmeti mbili na pikipiki isiyowaka, wakauliza shamba linatakiwa kuwa na ukubwa gani. Mzee wa maziwa, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, ana malisho yaliyo tambarare karibu na mto. Wameomba tuwasindikize wakaongee naye. Hatujui atajibu nini, na ana haki ya kukataa. Tumewaambia waende kwanza wakamsaidie kukama, na neno la uwanja wasubiri kulisema mpaka atakapowauliza mwenyewe.